Tovuti Niliyoiweka Mahali pa Bure

Katika maandishi haya sitataja jina la mtu. Majina ya watu nilishawahi kuyaweka mahali, tena ya watu waliokuwa wakitafutana, na nitaeleza yalivyopotelea mikononi mwangu. Wanaonijua watanijua tu, kwa sababu aibu yangu ilitoka hadharani, mchana, kwenye sherehe ya ubatizo, watu wakiwa na sahani za pilau mkononi.

Nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza. Baba alikuwa na ng'ombe sita na mimi ndiye niliyekuwa na miguu mirefu kuliko ndugu zangu. Kusoma ninasoma, ila polepole, midomo ikicheza. Ninachokiweza ni kusimulia. Nipe msiba, nipe harusi, nipe foleni ya mashine ya kusaga, watu watasahau walichofuata. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Hapana, ni kwa kujisifu, na hapo ndipo mambo yote yalipoanzia.

Huku kwetu Ngara watu huisema miaka ya wakimbizi kana kwamba ilikuja ikapita. Haikupita. Walikuja wale wa kwanza, kambi zikajaa mpaka vilima vikabaki vipara kwa kukatwa kuni. Kambi zikafungwa. Wengine wakarudi kwao, wengine wakaoa na kuolewa huku, wakalima Kasulo, wakalima Nyantakara upande wa Biharamulo, watoto wao wakaongea Kiswahili cha shule kuliko mimi. Halafu Warundi wakaanza kuvuka tena, na safari hii walivuka na simu mifukoni.

Nilikuwa na daftari tangu miaka ile ya kwanza. Mtu akinikuta sokoni akaniambia amepotezana na mama yake au mtoto wake, naandika: anatafutwa nani, alitoka kilima gani, ana alama gani mwilini. Alama ya mwili ndiyo kubwa. Jina mtu hubadilisha akiwa njiani, umri husahau, lakini kovu hasahau. Nilianza kuandika kwa huruma, nakiri hilo nalo, nisijipake matope kupita kiasi. Lakini baadaye niligundua kwamba mwenye daftari husalimiwa kwanza.

Sasa, pale Kasulo njia panda kuna mama mmoja mwenye steshenari. Anachapa barua, anatoa fotokopi, anapiga picha za pasipoti, na pembeni anauza maandazi. Siku moja alilishika daftari langu kwa ncha za vidole, maana lilikuwa limeshaota ukungu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama."

"Hili daftari likilowa mvua moja tu, hawa watu wamepotea mara ya pili. Tulitengenezee tovuti. Mtu akiwa Mwanza anasoma, akiwa Ulaya anasoma."

Mimi niliposikia Ulaya, sikuwafikiria waliopotea. Nilifikiria hadithi zangu. Nasema ukweli mbele ya Mungu.

Akaniketisha kwenye kiti cha plastiki akanieleza, na nakumbuka alivyoeleza kwa sababu alieleza vizuri. Aliyesikiliza vibaya ni mimi.

"Tovuti ni kama nyumba, Mzee. Lazima isimame kwenye kiwanja cha mtu. Leo tunamtafuta mwenye kiwanja. Wenyewe wanaita kuhosti. Wapo wa namna tatu. Wa kwanza wako nje huko mbali. Mwaka wa kwanza bei yao inavutia, mwaka wa pili wanakukamua mara tatu. Tena wanataka kadi ya benki, na wewe kadi uliyonayo ni ya kliniki."

Waliokuwa wakisubiri fotokopi wakacheka. Na mimi nikacheka, ingawa sikupenda.

"Wa pili ni wa hapa hapa nchini. Unalipa kwa simu mwaka kwa mwaka, bei ya kuku watatu wa maana. Ukikwama unapiga, anapokea mtu anayeongea Kiswahili. Wanatunza nakala, na jina la tovuti linakuwa lenu wenyewe. Kwa kazi kama hii, mimi ningechukua hao."

"Na wa tatu?"

"Wa tatu ni wa bure."

"Bure kabisa?"

"Bure na masharti yake. Jina lenu litaning'inizwa kwenye jina lao kama mkia. Matangazo yao watabandika watakapo. Nakala hawakuwekei. Na usipoingia kwa paswedi yako miezi mitatu, wanafuta kila kitu. Kufungua ukasoma haihesabiki, hata wakisoma watu elfu. Lazima uingie mwenyewe, wakuone kwamba upo. Umeelewa, Mzee?"

"Nimeelewa," nikasema.

Hapa nisimame kidogo, maana mtu wa mbali atasema mzee huyu angejuaje mambo ya kompyuta. Ningejua. Sisi Wahangaza, mtu akikuazima shamba, kila msimu kabla ya kupanda unakwenda kwake na mtungi wa pombe ya ndizi. Si malipo, ni kuonekana. Anakunywa kidogo, anakuuliza habari za watoto, anajua bado upo. Usipotokea, anapanda maharage yake, na hakuna mzee atakayekuitia kikao. Mimi mwenyewe nilimfanyia hivyo mkimbizi mmoja wakati wa kambi. Nilimpa kipande cha shamba, msimu ukafika hakuja, nikapanda. Baadaye nikasikia alikuwa amelazwa, na mkewe hakuijua desturi yetu. Alipokuja akitembelea fimbo nilimwambia desturi ni desturi. Akageuka akaondoka. Kwa hiyo niliyajua masharti ya kitu cha kuazimwa kuliko mtu yeyote pale steshenari. Nilichojidanganya ni kwamba wenye kompyuta ni watu wakubwa mno, wataniona wapi mimi, watanikumbukia nini.

Na kuku watatu sikukosa. Hata hilo niliseme. Wamama wa jumuiya yetu, nusu yao wana mtu ndani ya daftari, walikuja wakasema watachanga walipie ile ya pili. Sharti lao lilikuwa moja: ukurasa wa mbele uwe wa waliopotea. Nikawaambia wasijisumbue, nimeshapata ya bure, wazungu wamenipa. Wakanishukuru. Mmoja akaniletea ndizi.

Niliitaka ya bure kwa sababu ya bure ilikuwa yangu peke yangu. Anayechanga ana mdomo.

Basi tovuti ikatoka. Ukurasa wa mbele nilikaa mimi, nimevaa koti la shemeji yangu na kofia, nimeshika mkongojo ambao wakati ule sikuuhitaji. Chini ya picha zikaja hadithi zangu saba, ya ndama ikiwa ya kwanza. Waliopotea walikuwa chini kabisa, kwenye maandishi madogo ambayo mtu lazima ayabonyeze ndipo wafunguke. Mama wa steshenari alipiga yote kwa siku nne na hakutaka chochote ila niwe nakuja kuingia.

"Niachie paswedi, Mzee. Niwe naingia mimi kwa niaba yako hata ukisahau."

"Wataniibia hadithi," nikamwambia.

"Nani akuibie hadithi ya ndama?"

Nikachukua karatasi yenye paswedi nikaenda nayo nyumbani, nikainakili nyuma ya kalenda ya parokia, karatasi nikaitupa. Mwaka ulipoisha, siku chache baada ya kuingia kwangu mara ya mwisho, mke wangu aliishusha ile kalenda akawashia moto, kama anavyofanya kila mwaka. Nilijua siku ileile. Sikumwambia mtu. Ningemwendeaje yule mama niseme nimepoteza, baada ya maneno yale? Nikawa napita njia ya nyuma ya soko.

Sasa yuko mwanamke mmoja wa Nyantakara. Alizaliwa Burundi, akaletwa huku msichana wa miaka kumi na mbili, akaolewa, akalima, leo ni bibi. Njiani alikuwa amemshika mkono mdogo wake wa kike wa miaka mitano. Watu walikuwa wengi kwenye mteremko, kukapigwa kelele, wakasukumwa, na mkono ukachomoka. Anasema anakumbuka ule mkono ulivyokuwa na jasho. Mdogo wake alikuwa na kovu la moto kwenye kiganja, aliwahi kushika sufuria ya maharage. Yeye hakuwahi kunifuata sokoni kuniuliza habari mara mbili. Alijiandikisha kwangu mara moja, akasema, "Ukipata neno lolote, Mzee, hata la kifo, niletee siku hiyohiyo." Nikamwahidi. Siku hiyohiyo.

Mwanzoni mwa mwezi wa tatu mama wa steshenari alinikamata sokoni kwenye madaga, ile mihogo mikavu.

"Mzee unanikimbia? Njoo uone, kuna mtu ameandika."

Akafungua. Kumfungulia mtu asome hakuhitaji paswedi, kama alivyokuwa ameeleza. Kitu cha kwanza nilichouliza ni kama wameandika chini ya hadithi ya ndama. Hakukuwa na kitu pale. Ujumbe ulikuwa chini kabisa, kwa waliopotea, chini ya maelezo ya yule wa Nyantakara. Wateja wakawa wanamwita mama akatoe fotokopi, akaniacha na mashine. Nikasoma kwa midomo. Mtu alikuwa ameandika kwamba huyo anayetafutwa yupo, anamjua, ana hilo kovu kiganjani, na akaweka namba ya simu.

Na hapo, badala ya kuomba kalamu, nikaanza kusimulia ndani ya kichwa changu.

Maana yule mwanamke alikuwa amenialika. Jumapili ya tatu kutoka siku ile mjukuu wake angebatizwa, watu wa Nyantakara wote wangekuwepo, na mimi nilishaombwa niseme maneno mawili. Nikaiona siku yenyewe. Nikajiona nimesimama. Nikamwona akilia na watu wakisema huyu mzee, huyu mzee! Namba sikuinakili, kwa sababu nilitaka aisome yeye mwenyewe mbele ya watu. Nikajiambia ipo mtandaoni, itakwenda wapi? Mama aliporudi akaniuliza wameandika nini. Nikamwambia, "Salamu tu. Ila Jumapili ya tatu uje Nyantakara na simu yako ile kubwa."

Wiki tatu nilikaa na neno lile. Siku hiyohiyo nilimwahidi, nikakaa nalo wiki tatu, nakula, nalala, napalilia.

Siku ikafika. Watu walikuwa wengi, turubai limefungwa, vijana wa kwaya na kinanda chao cha betri. Nikasimama. Wallahi, wanavyosema jirani zangu Waislamu, sijawahi kusimulia vizuri kama siku ile. Nilianzia kwenye mteremko. Nikasema habari ya mkono wenye jasho, kitu alichonipa mimi kwa siri ya daftari, nikakitoa mbele ya wakwe zake. Wanawake wakaanza kujifuta na kanga. Mwenyewe alisimama taratibu, akaweka sahani chini, akaja akasimama hatua mbili kutoka kwangu. Hakulia. Alikuwa amefumba mdomo kama mtu anayesikiliza hodi mlangoni.

"Na mimi leo," nikasema, "sikuja na zawadi ya mbuzi wala kuku. Nimekuja na mdogo wako. Soma mwenyewe!"

Nikamnyooshea mkono mama wa steshenari. Alikuwa amepanda kwenye kichuguu nyuma ya turubai, kwa sababu Nyantakara mtandao unapatikana pale tu. Tukamsubiri. Akainua simu juu, akaishusha, akaifuta kwa gauni.

"Mzee," akaita, "uliingia lini mara ya mwisho?"

"Soma, mama, soma!"

"Hakuna cha kusoma. Wameandika kwa Kiingereza kwamba ukurasa huu haupo tena." Akashuka kwenye kichuguu, akaja karibu, akasema kwa sauti ya chini, lakini kila mtu alisikia. "Wamefuta. Zote. Miezi mitatu, Mzee. Si nilikuambia?"

Mzee mmoja wa kabila la Wasubi, tunataniana tangu ujana, akapaza sauti kutoka kwenye viti vya mbele, "Leo hadithi imemponyoka mwenyewe! Mpeni pombe aikumbuke!" Watu wakacheka. Mwingine akasema, "Huyu kwenye kambi alituambia mahindi ya msaada yameshafika, tukapanga foleni siku mbili." Hilo lilikuwa kweli, nililisema kwa mzaha, lakini sasa halikuwa mzaha. Nikaona wameamua. Wote pale waliamua kwamba hakukuwa na ujumbe, kwamba nimeutunga kwa ajili ya pilau.

Nilitamani ingekuwa hivyo kweli.

Yule mwanamke hakucheka wala hakunitukana. Alinishika kifundo cha mkono akanivuta mpaka nyuma ya jiko, kwenye rundo la maganda ya ndizi.

"Ulikuwepo ujumbe?"

"Ulikuwepo, mama. Nakuapia."

"Uliusoma lini?"

Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, Jumapili moja, mbili, tatu. Akaniachia mkono.

"Namba?"

"Ilianza na alama ya kujumlisha."

"Halafu?"

"Halafu sijui."

"Sema alivyoandika. Neno kwa neno."

Nikasema: yupo, namjua, ana kovu kiganjani. Akataka niseme tena. Nikasema tena, na nilipoona uso wake ulivyo, nikaongeza kwamba yuko na afya njema. Akataka mara ya tatu. Nikasema ana afya njema, ana watoto, na kila siku anamtaja dada yake.

"Mara ya kwanza hukusema watoto," akasema.

Nikaangalia maganda ya ndizi.

"Ana watoto au hana? Mzee! Ana watoto?"

Ninachotaka kukiri katika maandishi haya, kuliko kile cha kuku watatu na cha koti la shemeji, ni kwamba pale nyuma ya jiko sikujua. Nilitafuta ndani ya kichwa changu sikuweza kutenganisha nilichokisoma na nilichokisimulia kwa wiki tatu nikiwa napalilia. Watoto niliwaona kabisa, wanne, mmoja ana meno yaliyoachana. Nani aliwaweka?

"Sijui, mama," nikasema.

"Basi nenda."

Wenye kiwanja waliandikiwa. Mama wa steshenari aliwaandikia kwa Kiingereza akaeleza yote, wakajibu baada ya siku kumi kwamba barua tatu za onyo zilitumwa kwenye barua pepe yangu, kwamba hakuna nakala iliyobaki, na kwamba wanashukuru kwa kuwachagua. Barua pepe yenyewe paswedi yake ilikuwa kwenye kalenda ileile.

Miezi miwili baadaye yule mwanamke alishuka kwenye basi pale Kasulo, akaniitisha steshenari. Nilimkuta amekaa kwenye kile kiti cha plastiki. Wamama wa jumuiya walikuwa wameshachanga, ile ya pili imeshalipiwa kwa simu, jina lao wenyewe, nakala kila wiki. Daftari langu walikuwa wameniomba nikawapa. Majina yalikuwa yamepigwa upya, na ukurasa wa mbele haukuwa na picha ya mtu.

"Shikamoo," akasema. Hakuangalia juu.

"Marahaba, mama."

"Nataka niandike kwa yule mtu aliyeandika. Pengine atapita tena. Ili ajue ni yeye ninayemwambia, lazima niseme alichosema. Kaa hapo. Utasema, mama atapiga."

Nikasema. Mama akapiga. Kila sentensi ilipokwisha, yule mwanamke alinyanyua kidole.

"Hili ulilisoma, au uliliweka?"

"Nililisoma."

"Na hili la kwamba anamlilia dada yake?"

Foleni ya fotokopi ilikuwa imesogea karibu, hata maandazi hakuna aliyeyaomba. "Niliweka," nikasema.

"Futa."

"La watoto?" akaendelea.

"Sina hakika."

"Futa. La afya?"

"Futa," nikasema mwenyewe.

Tukaenda hivyo mpaka mistari kumi na kitu ikabaki mitatu, hii hapa. Wewe uliyeandika kwamba yupo, na kwamba ana kovu kiganjani: ujumbe wako ulifika, ukapotea kwa uzembe wa mzee aliyekuwa anautunza. Dada yake yuko hai Nyantakara. Tafadhali andika tena. Neno uzembe alilichagua yeye. Aliniuliza kama ni kweli nikasema ni kweli, akasema basi libaki.

Alimwambia mama ayaweke. Paswedi aliiandika kwenye karatasi, akaikunja akaifunga kwenye pindo la kanga, nami nikageuka nikatazama barabara mpaka alipomaliza. Kila mwisho wa mwezi anashuka kwenye basi, anaingia, anasoma, anatoka. Nikiwa sokoni namwona akipita na mfuko wake wa maharage. Sijawahi kumuuliza kama kuna aliyejibu, na yeye hajawahi kuniambia.